Sababu za ujenzi wa mifumo ya vifaa vidogo kujikokota na jinsi ya kuuharakisha

Na MWANDISHI WETU

KATIKA mji wa Illasit, Kaunti ya Kajiado, ulio mkabala na Tarakea upande wa Tanzania, maji ndiyo uhai wa mkulima wa nyanya na vitunguu. Pampu ikisimama siku kadhaa wakati wa jua kali, miche hunyauka na jasho la miezi likapotea. Siku hizi zipo pampu za nguvu za jua zenye kijisanduku kinachoziamrisha: huziwasha, huzizima, hupima maji na hata kutuma habari kwa njia ya simu. Ndani ya kijisanduku hicho mna tarakilishi ndogo, na ndani ya tarakilishi hiyo mna programu inayoiongoza.

Fundi anapogundua kasoro katika programu hiyo, hawezi kuirekebisha kwa bisibisi. Sharti arudi kwenye tarakilishi yake, abadilishe maandishi ya programu, aujenge mfumo upya, kisha aupeleke kwenye kifaa. Hapo ndipo wengi hukwama. Badiliko la mstari mmoja laweza kumgharimu fundi alasiri nzima ya kungoja, na akikosea herufi moja, huanza kungoja tena.

Vijana wanaojifunza kazi hii, wawe Illasit, Oloitokitok au Kitengela, mara nyingi hudhani kuwa dawa ni moja tu: kununua tarakilishi ya bei ghali. Sivyo. Kujikokota huko kuna sababu nyingi, na baadhi yake huondolewa bila kutumia hata senti moja. Makala haya yanaeleza sababu hizo, dalili za kila moja na tiba yake.

UJENZI WA MFUMO NI NINI?

Mifumo tunayoizungumzia huitwa mifumo pachikwa, kwa kuwa imepachikwa ndani ya chombo ambacho hakifanani na tarakilishi. Mita ya umeme wa kulipia kabla ina mfumo wa namna hiyo. Vivyo hivyo kisanduku cha taa za sola zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu, na hata setilaiti ya Taifa-1 ambayo Kenya iliirusha Aprili 2023.

Wakenya wengi waliuonja umuhimu wa mifumo hii mwaka wa 2024, mita za tokeni zilipohitaji kusasishwa kabla ya Novemba 24. Kila tokeni hubeba hesabu ya dakika zilizopita tangu mwanzo wa mwaka wa 1993. Nafasi iliyotengewa hesabu hiyo ni ya biti 24, nayo haiwezi kupita dakika milioni 16.7, yaani karibu miaka 32. Ili mita zisigote, wateja wa Kenya Power waliingiza nambari mbili za tarakimu 20 kila moja kabla ya kuingiza tokeni ya kawaida. Funzo ni kwamba kazi ya mwandishi wa programu haimaliziki siku kifaa kinapouzwa. Ni lazima awe tayari kuirekebisha miaka mingi baadaye, na pengine kwa haraka.

Vifaa vyenye nguvu kiasi hutumia Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991. Vile vidogo zaidi hutumia mifumo myepesi kama vile FreeRTOS, iliyoanza mwaka wa 2003, au Zephyr, iliyozinduliwa mwaka wa 2016. Wajenzi wa mifumo ya Linux hutegemea zaidi zana mbili. Ya kwanza ni Yocto Project, iliyotangazwa mwaka wa 2010 chini ya Linux Foundation, ambayo kazi zake huratibiwa na programu iitwayo BitBake. Ya pili ni Buildroot, ambayo ni nyepesi na rahisi kuielewa.

Zana hizi hufanya kazi kwa hatua. Kwanza hupakua msimbo chanzo wa mamia ya programu kutoka kwenye intaneti. Kisha huufungua, hutia viraka, huusanidi, na kuukabidhi kwa kompaila, ambayo ni programu inayoyatafsiri maandishi ya binadamu kuwa amri za mashine. Mwishowe hufungasha kila kitu katika faili moja inayotiwa kwenye kifaa.

Kuna jambo moja linaloongeza uzito. Tarakilishi ya fundi huwa na kichakataji cha aina moja, mathalani Intel, ilhali kifaa huwa na cha aina nyingine, mathalani ARM. Kwa hiyo, kabla ya kujenga mfumo wenyewe, zana hizi huweza kulazimika kujenga kompaila maalumu. Ni sawa na seremala anayelazimika kufua msumeno kabla ya kukata mbao.

Hivyo basi, si kila kungoja ni ugonjwa. Ujenzi wa kwanza wa Yocto kwenye kipakatalishi cha kawaida huchukua saa kadhaa, na hilo ni jambo la kutarajiwa. Mradi mdogo wa Zephyr nao hukamilika kwa dakika chache au hata sekunde. Ugonjwa ni pale ujenzi wa pili, wa tatu na wa kumi unapochukua muda uleule wa kwanza.

PIMA KABLA YA KUTIBU

Daktari hampi mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Fundi naye apime mambo matatu na kuyaandika: muda wa ujenzi wa kwanza, muda wa ujenzi unaorudiwa bila kubadilisha chochote, na muda wa ujenzi baada ya kubadilisha faili moja.

Kipimo cha pili ndicho chenye siri kubwa. Ikiwa hakuna kilichobadilishwa, zana haina budi kutambua hivyo na kumaliza upesi. Ikianza kutafsiri mamia ya faili upya, basi kasoro haiko katika nguvu za tarakilishi, bali katika jinsi zana inavyotambua kilichobadilika. Kununua mashine mpya hakutaiondoa kasoro hiyo.

Zana zenyewe huweka kumbukumbu za muda. Yocto huhifadhi takwimu za kila kazi katika saraka iitwayo buildstats. Katika Buildroot, amri ya make graph-build huchora michoro inayoonyesha ni programu gani iliyokula muda mwingi. Mara nyingi fundi hugundua kuwa programu mbili au tatu kubwa, ambazo huenda kifaa hakizihitaji, ndizo zilizochukua sehemu kubwa ya muda.

Wakati ujenzi unaendelea, fundi afungue dirisha jingine na kutazama hali ya mashine kwa programu kama vile htop na iostat. Dalili ziko tano:

Kichakataji kimetulia na intaneti inafanya kazi: tatizo ni upakuaji.

Kichakataji kimetulia lakini diski haipumui: tatizo ni diski.

Kumbukumbu ya RAM imejaa na mashine imeganda: kazi ni nyingi kuliko uwezo.

Kiini kimoja cha kichakataji kinafanya kazi na vingine vimelala: hatua hiyo haigawiki, au zana haikuruhusiwa kuigawa.

Viini vyote vinafanya kazi kikamilifu: hapa mashine inajituma ipasavyo, na dawa ni kuipunguzia kazi.

MTANDAO UKIWA NDIO KIZINGITI

Mbali na miji mikuu, dalili ya kwanza ndiyo inayowatesa wengi. Tuchukue mfano. Ikiwa mradi unahitaji gigabaiti 5 za msimbo, na modemu inapakua kwa kasi ya megabiti 4 kwa sekunde, upakuaji huo utachukua takriban saa mbili na dakika 47, hata tarakilishi iwe na nguvu namna gani. Bando likikatika katikati, huenda baadhi ya kazi ikaanza upya.

Tiba ya kwanza ni kutenganisha upakuaji na ujenzi. Katika Yocto, chaguo la --runall=fetch huiambia BitBake ipakue kila kitu bila kujenga. Katika Buildroot, amri ni make source. Fundi aweza kuiacha kazi hiyo usiku, wakati mtandao una nafasi, na kujenga mchana bila kutegemea intaneti. Baada ya hapo, Yocto ikiwekewa BB_NO_NETWORK = "1", haitatoka nje tena kutafuta kitu.

Tiba ya pili ni kuweka vilivyopakuliwa mahali pamoja, nje ya saraka ya mradi. Yocto hupaita mahali hapo DL_DIR, na Buildroot hupaita BR2_DL_DIR. Wanafunzi wengi huacha vitu hivyo ndani ya mradi, kisha wakiufuta mradi ili waanze upya, hufuta pia gigabaiti walizozilipia.

Tiba ya tatu ni kutopakua historia isiyohitajika. Hazina kamili ya keneli ya Linux katika mfumo wa Git ina historia ya miaka mingi na uzito wa zaidi ya gigabaiti 2. Kifurushi cha toleo moja tu huwa chini sana ya hapo. Anayetumia Git aweza kuongeza chaguo la --depth 1 ili apate hali ya sasa pekee. Kwa Zephyr, amri ya west update --narrow -o=--depth=1 hufanya jambo hilohilo.

Aliye mpakani achunguze pia kama modemu yake imedakwa na mtambo wa simu wa ng'ambo. Ikiwa hivyo, kasi huweza kuwa duni na gharama ikapanda. Dawa ni kuingia katika mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono badala ya kuiachia modemu ijichagulie.

DISKI NA KUMBUKUMBU

Ujenzi wa mfumo huandika na kusoma mamilioni ya faili ndogo ndogo. Diski ya zamani yenye sahani inayozunguka hulazimika kusogeza kichwa chake huku na kule kwa kila faili, na hapo muda hupotea. Diski ya aina ya SSD haina kitu kinachozunguka. Kwa tarakilishi iliyonunuliwa ikiwa imetumika, kubadilisha diski hiyo mara nyingi ndiko kunakoleta nafuu kubwa kuliko ununuzi mwingine wowote.

Nafasi nayo ni muhimu. Kwa miaka kadhaa, nyaraka za Yocto zilishauri gigabaiti 90 za nafasi kwenye diski na gigabaiti 8 za RAM kuwa kiwango cha chini, na mahitaji yamekuwa yakipanda. Asiye na nafasi aweza kuweka INHERIT += "rm_work", ambayo hufuta vifusi vya kila programu ikishakamilika. Hata hivyo, programu anayoishughulikia kila siku aitoe katika ufutaji huo kwa kutumia RM_WORK_EXCLUDE, la sivyo itajengwa kuanzia mwanzo kila mara.

Wanaotumia Windows wana mtego wao. Wengi huendesha Linux ndani yake kwa njia ya WSL, lakini huacha mradi katika upande wa Windows, yaani chini ya /mnt/c. Kila faili hulazimika kuvuka mpaka kati ya mifumo miwili, na kasi huanguka. Mradi uhamishiwe upande wa Linux. Vilevile, saraka inayoshirikiwa kati ya Windows na mashine pepe isitumiwe kujengea. Programu ya kupambana na virusi nayo, ikikagua kila faili inayozaliwa, huchelewesha kazi. Saraka ya ujenzi yaweza kuondolewa katika ukaguzi, mradi msimbo uwe umetoka mahali panapoaminika.

Kuhusu RAM, kosa lililoenea ni la kudhani kwamba kazi nyingi kwa pamoja ni upesi. BitBake huendesha kazi kadhaa kwa wakati mmoja, na kila kazi nayo huweza kuzindua kompaila kadhaa. Katika mashine yenye viini 4, mipangilio ya kawaida huruhusu kazi 4, kila moja ikiwa na kompaila 4. Jumla yaweza kufika 16. Kila moja ikitumia nusu gigabaiti, mashine yenye gigabaiti 8 itakuwa imejaa, na bado mfumo wenyewe na kivinjari havijapata sehemu yao. Tarakilishi huanza kutumia diski kana kwamba ni kumbukumbu, na kila kitu huganda. Pengine Linux yenyewe huiua kompaila ili kujiokoa, na ujenzi ukakatika kwa ujumbe usioeleweka.

Katika hali hiyo, kupunguza ndiko kuongeza kasi. Fundi ajaribu BB_NUMBER_THREADS = "2" na PARALLEL_MAKE = "-j 3", apime, kisha aongeze polepole. Katika Buildroot, kipimo hicho huitwa BR2_JLEVEL. Namba iliyo bora ni ile inayovishughulisha viini vyote bila kuijaza RAM.

KAZI ISIYOGAWIKA

Mwaka wa 1967, mhandisi Gene Amdahl alieleza kanuni ambayo hadi leo huwasumbua wanunuzi wa mashine. Kazi yoyote ina sehemu inayogawika na sehemu isiyogawika. Tuseme ujenzi huchukua dakika 60, na 15 kati ya hizo haziwezi kugawanywa. Kwa viini 4 vilivyofanya kazi sawasawa, dakika 45 zilizobaki zitakuwa kama 11, na jumla itakuwa kama 26. Lakini hata ukileta viini 1,000, hutashuka chini ya dakika 15.

Sehemu zisizogawika vizuri ni pamoja na usanidi wa kila programu, uunganishaji wa vipande vya programu kubwa, na uundaji wa faili ya mwisho. Ndiyo maana inafaa kutazama michoro ya muda kabla ya kufungua kibeti.

HIFADHI YA KAZI ILIYOKWISHA KUFANYWA

Siri kubwa ya ujenzi wa haraka ni kutorudia kazi. Zana ya make, iliyoandikwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka wa 1976, ilianzisha wazo rahisi: linganisha wakati faili chanzo ilipobadilishwa na wakati zao lake lilipotengenezwa. Ikiwa zao ndilo jipya, liache.

Wazo hilo lina udhaifu mmoja unaowapata wenye tarakilishi kuukuu. Betri ndogo inayolinda saa ya mashine ikifa, tarakilishi huwaka ikiwa na tarehe ya zamani. Faili za jana huonekana kuwa za kesho, na make huchanganyikiwa. Ama hujenga kila kitu upya, au huacha kujenga kilichobadilika, jambo ambalo ni baya zaidi. Onyo la clock skew likionekana, fundi asilipuuze. Arekebishe saa na kubadilisha betri hiyo, ambayo bei yake ni ndogo.

Yocto huenda mbali zaidi. Kwa kila kazi, hukokotoa alama maalumu kutokana na vyote vilivyoingia ndani yake: msimbo, viraka, mipangilio na matoleo. Matokeo huwekwa katika hifadhi iitwayo sstate. Alama ikifanana na ya zamani, kazi hairudiwi, bali tokeo huchukuliwa likiwa tayari. Ujenzi wa saa nyingi huweza kushuka hadi dakika chache.

Hifadhi hiyo huvurugwa kwa urahisi. Anayeweka tarehe na saa ya sasa ndani ya mipangilio ya programu huibadilisha alama kila mara, na zana huamini kuwa kazi ni mpya. Anayetumia AUTOREV huiamuru zana itafute toleo jipya mtandaoni kila anapojenga, na mabadiliko ya watu wengine huingia bila yeye kukusudia. Anayezoea kutumia cleanall kila anapokutana na hitilafu hufuta matokeo na msimbo uliopakuliwa, akaulipia tena. Mwenye shaka atumie bitbake-diffsigs, inayolinganisha alama mbili na kueleza kilichozitofautisha.

Buildroot haina hifadhi ya namna hiyo, na mabadiliko kadhaa ya mipangilio hudai ujenzi mpya kabisa. Lakini aliyebadilisha programu moja tu aweza kuijenga hiyo pekee kwa kuandika make, jina la programu, na kiishio cha -rebuild. Pia Buildroot hukubali kompaila iliyokwisha kujengwa na wengine, na hivyo huepuka ile kazi ya kufua msumeno.

Kwa zana zote, ipo programu ya ccache, ambayo hukumbuka faili zilizokwisha kutafsiriwa na kutoa jibu lilelile bila kuisumbua kompaila. Katika Buildroot huwashwa kwa BR2_CCACHE. Katika Zephyr, fundi achunguze kuwa hajazoea west build -p always, kwani amri hiyo hufagia kila kitu kabla ya kuanza. Chaguo la -p auto hufagia pale tu inapolazimu.

KUSHIRIKIANA KATI YA KITENGELA NA ILLASIT

Hifadhi hizi zina faida nyingine ambayo vikundi vya vijana vinaweza kuichuma. Zinaweza kushirikiwa. Tuseme mwanakikundi mmoja yuko Kitengela, penye intaneti ya kasi, na mwenzake yuko Illasit. Wa Kitengela aweza kupakua na kujenga mara moja, akanakili DL_DIR na sstate kwenye diski ya kubebeka, na kuituma kwa gari la abiria. Gigabaiti nyingi zitafika Illasit siku hiyohiyo, bila bando. Wa Illasit atazielekeza zana zake huko kwa kutumia SOURCE_MIRROR_URL na SSTATE_MIRRORS.

Masharti ni manne. Kwanza, wote watumie toleo moja la Yocto na mipangilio inayolingana, kwani alama zikitofautiana, hifadhi haitafaa kitu. Pili, majina ya faili za sstate huwa na nukta pacha, ambazo diski zilizotayarishwa kwa ajili ya Windows hazizikubali. Kwa hiyo, diski iandaliwe kwa mfumo wa ext4, au faili zote zifungwe kwanza katika kifurushi kimoja cha tar.

Tatu, ni suala la uaminifu. Vifurushi vya msimbo vilivyopakuliwa hukaguliwa kwa alama zilizoandikwa katika mapishi ya Yocto, hivyo kilichochakachuliwa hutambulika. Lakini vilivyomo katika sstate ni programu zilizokwisha kujengwa. Anayezipokea humwamini aliyezijenga. Zisichukuliwe kwa mtu asiyejulikana, na kikundi kikikua, zitiwe sahihi ya kidijitali, jambo ambalo Yocto inaliruhusu.

Nne, nakala moja ibaki Kitengela. Diski iliyo safarini huweza kupotea au kuanguka.

Njia nyingine ni kukodi seva ya mbali kwa saa chache. Mzigo mkubwa wa upakuaji na ujenzi hufanyika huko, na kinachorudi Illasit ni faili ya mwisho pekee, ambayo kwa vifaa vidogo huweza kuwa megabaiti chache au makumi yake. Wenye intaneti dhaifu hunufaika zaidi na mpango huu, mradi wakumbuke kuizima seva kazi ikiisha, kwa maana mita ya malipo huendelea kuzunguka.

UMEME, JOTO NA VUMBI

Kenya iliposhuhudia giza la nchi nzima usiku wa Agosti 25, 2023, waliokuwa katikati ya ujenzi walikatika. Habari njema ni kwamba BitBake hukumbuka kazi zilizokwisha, na stima ikirudi huendelea na zilizobaki. Faili iliyokuwa ikiandikwa wakati huo huenda ikaharibika. Basi ujenzi ukilalamika juu ya programu moja baada ya umeme kukatika, isafishwe hiyo moja, si mradi mzima.

Kipakatalishi kinachotumia betri hupunguza kasi ili kuhifadhi chaji. Vivyo hivyo, kikipata joto kupita kiasi, hujipunguzia kasi ili kisiungue. Katika nchi kavu ya Kajiado, vumbi huziba feni na kuuzuia upepo. Dalili ni ujenzi unaoanza kwa kasi kisha kulegea baada ya dakika kadhaa. Kusafisha feni na kuinua mashine kutoka kwenye kitambaa au kitanda hurudisha kasi iliyopotea.

PUNGUZA KAZI YENYEWE

Baada ya hayo yote, swali kuu hubaki: je, kila kinachojengwa kinahitajika? Kifaa cha kuwasha pampu hakihitaji programu za kuchora madirisha, kucheza muziki wala kuchapisha karatasi. Kila kinachoondolewa hupunguza muda wa ujenzi, nafasi kwenye kifaa, na pia milango ambayo wahalifu wa mtandao wangeweza kuipitia.

Vilevile, haifai kujenga mfumo mzima kwa kila badiliko dogo. Yocto ina zana iitwayo devtool, ambayo humwezesha fundi kubadilisha programu moja, kuijenga na kuituma moja kwa moja kwenye kifaa kilicho mezani. Hesabu za programu, kama vile saa ya kumwagilia au kiasi cha maji, zaweza kujaribiwa kwenye tarakilishi yenyewe kabla ya kugusa kifaa. Zipo pia programu kama QEMU zinazoigiza kifaa, na hivyo makosa mengi hunaswa mapema.

Lakini kuna kisichofaa kupunguzwa. Majaribio ya usalama yasiondolewe kwa kisingizio cha kuokoa dakika. Toleo la mwisho, litakalopelekwa shambani, lijengwe kikamilifu kutoka mwanzo angalau mara moja, bila kutegemea hifadhi, ili ithibitike kuwa mtu mwingine aweza kulijenga tena miaka ijayo. Mita za tokeni zimetufunza kwamba miaka hiyo hufika.

MPANGILIO WA KUFUATA

Kwa ufupi, anayesumbuliwa na ujenzi unaojikokota afuate utaratibu huu. Apime ujenzi wa kwanza, wa kurudia na wa badiliko dogo. Ahakikishe saa ya mashine ni sahihi. Atenganishe upakuaji na ujenzi, na kuweka vilivyopakuliwa mahali pa kudumu. Awashe hifadhi na kutafuta kinachoivuruga. Alinganishe idadi ya kazi na RAM iliyopo. Ahamishe mradi hadi kwenye diski yenye kasi. Aondoe programu zisizohitajika. Baada ya kila hatua apime tena, na asibadilishe mambo mawili kwa pamoja, la sivyo hatajua lipi lililomponya.

Yakishindikana hayo yote, ndipo afikirie kununua. Hapo pia kuna utaratibu: aliyeona RAM ikijaa aongeze RAM, aliyeona diski ikihema abadilishe diski, na aliyeona viini vyote vikifanya kazi bila kupumzika ndiye pekee anayehitaji kichakataji kipya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Fundi anayeweza kujaribu marekebisho kumi kwa siku ataupata ufa wa programu yake kabla maji hayajakatika shambani. Anayeweza kujaribu mara moja tu kwa siku ataupata baada ya nyanya kunyauka.